Samani za Jiji

Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na saa nne na robo nilikuwa tayari chini, stoo, nimebandika kiganja ukutani. Ukuta mkavu. Nimeandika hivyo kwenye kikaratasi nikakigandisha palepale: "Mkavu, Machi 3." Mtunza stoo alikisoma, akaniuliza kama nimeajiriwa kupapasa kuta.

Barua yangu ya ajira inasema mimi ni Mratibu wa Mradi wa Jumba la Sanaa la Jiji. Jumba halipo. Kamati ya kulitafutia mahali ipo, ina umri wa miaka kumi na mmoja. Picha zipo: mia mbili na kumi na nne, ambazo jiji limezinunua au kuzawadiwa tangu enzi za babu zetu, zote kwenye rafu za mbao chini ya jengo la halmashauri, pamoja na viti vilivyovunjika migongo. Mimi nina meza chini ya ngazi. Kila anayepanda juu ananipita kichwani.

Na sasa kuna barua ya pili. Mfuko mmoja wa wafadhili umekubali kubeba nusu ya gharama za ujenzi, kwa sharti moja: jiji liwape nakala ya hati ya kiwanja kabla ya Mei 31. Siku themanini na tisa. Nilisoma miaka mitano jinsi ya kuponya picha zilizoharibika. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kuharakisha watu wazima.

Machi 5

Mvua. Ukuta mkavu.

Machi 9

Nimegombana na mtunza stoo.

Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, koti la kaki, penseli nyuma ya sikio, redio ndogo inayokoroma siku nzima. Leo nilivuta picha moja ninayoipenda kuliko zote: mwanamke anaanua nguo kambani huku wingu limefunga, nusu ya nguo ziko begani, nusu bado zinapepea. Pembeni chini, juu ya upindo wa gauni lake, kwa rangi nyekundu ya mafuta, imeandikwa 3347.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi."

"Juu ya picha?"

"Kanuni inasema namba ionekane bila kukisogeza kitu."

"Kitu! Hili si kabati."

Akafungua daftari lake kubwa, akalamba kidole, akanionyesha. "Samani. Picha ya ukutani, moja. Soma mwenyewe, binti. Kiti namba yake iko mguuni, kabati iko mlangoni. Picha haina mguu."

Zote. Kuanzia 3301 hadi 3514, zote zina namba nyekundu usoni. Nilimwambia mkono ulioandika namba hizo ungepaswa kufungwa kamba. Akaongeza sauti ya redio.

Machi 14

Kamati imekaa. Mwenyekiti ni diwani, mtu mpole mwenye tai pana, na hajawahi kuanza sentensi bila neno "kimsingi." Kwa hiyo humu ndani ya daftari anaitwa Bwana Kimsingi.

Nilipeleka pendekezo langu: kiwanda cha barafu cha jiji, kilichofungwa zamani. Nimekizunguka mara sita. Kuta zake ni nene kama urefu wa mkono wangu, madirisha machache, sakafu imeinuliwa futi nne juu ya barabara. Waliokijenga walitaka joto lisiingie na maji yasisimame, na hayo tu ndiyo picha inayoyataka duniani. Tena ni mali ya jiji, hakuna wa kulipwa fidia.

Mhandisi wa jiji, mwanamke wa maneno machache anayekuja vikaoni na buti zenye tope, alisema, "Paa liko sawa. Mabomba ya zamani yang'olewe. Basi." Bwana Kimsingi akasema kimsingi hana pingamizi. Vichwa vikatikisika kukubali mezani. Nilishuka ngazi mbilimbili.

Nyumbani nilimkuta Mama kwenye cherehani. Sebule yetu ni karakana yake, ukitaka kukaa unahamisha gauni la mtu.

"Mmepata nyumba ya picha?"

"Karibu, Mama."

"Basi na mimi nichoreni. Mwenye nyumba akija na notisi atakuta nimeshahamia ukutani."

Nilicheka, halafu sikucheka.

Machi 22

Kiwanda cha barafu kiko kwenye kata ya diwani mmoja. Diwani wa kata ya ng'ambo amesimama kikaoni leo na kuuliza watu wake wamekosa nini. Soko walipewa wale. Stendi walipewa wale. "Sasa na sanaa pia wapewe wao? Sisi tupewe nini, makaburi?"

"Makaburi mnayo tayari," akajibu yule wa kwanza, na hapo ajenda ikafa.

Uamuzi umeahirishwa.

Machi 23

Mvua mchana kutwa. Ukuta mkavu.

Machi 30

Ukuta mkavu. Nimeanza kukichukia kiganja changu.

Aprili 4

Nataka kuliandika hili polepole, maana mwakani nitadhani nililitunga.

Bwana Kimsingi alikuja kikaoni na rula. "Kimsingi," alisema, "haki iko katikati." Akatandika ramani ya jiji, akaweka rula kutoka ofisi ya diwani huyu hadi ofisi ya diwani yule, akagawa kwa mbili, akatia nukta kwa kalamu ya wino. Jumba la Sanaa litajengwa hapo. Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, wote walipiga makofi. Muhtasari ukasomwa, ukapitishwa, ukasainiwa. Mimi na mhandisi tukaagizwa twende tukaone eneo.

Tulikwenda kwa miguu. Mhandisi alishika ramani, mimi mwavuli. Tulipita maghala, tukapita uwanja wa mpira uliogeuka ziwa, harufu ikaanza kutupokea. Mhandisi akasimama kwenye ukingo wa mabwawa ya majitaka, akaangalia ramani, akaangalia bwawa la pili, akanyoosha kidole katikati yake.

"Pale."

Nikamwangalia nione kama anatania.

"Mandhari ya maji," alisema. "Wageni watapenda."

Nilirudi buti zimejaa maji na nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kimsingi. Alisikitika kweli, nilimwona. Lakini azimio likishasainiwa halibadilishwi ila na kikao, na kikao kijacho ni wiki tatu zijazo. Kwa hiyo, kisheria, hadi Aprili 25, Jumba la Sanaa la jiji letu liko ndani ya bwawa la choo.

Nilimsimulia Mama. Alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. Halafu akaniona uso, akasema, "Pole, mwanangu," akaendelea kucheka taratibu huku amenipa mgongo.

Aprili 11

Ukuta una doa. Ukubwa wa sahani.

Nimeandika waraka kwa Kamati, nakala kwa mhandisi, nakala kwa katibu wa halmashauri: picha zihamishwe juu mara moja.

Aprili 15

Majibu: "Waraka wako umepokelewa." Doa limekuwa la sinia.

Aprili 19

Mhandisi amekuja kuangalia ukuta. Ameugonga kwa kidole, akasikiliza. "Mfereji wa nyuma umeziba. Nimeomba watu wa kuuzibua tangu Januari." Nikamuuliza amejibiwaje. "Waraka wangu umepokelewa."

Kwa mara ya kwanza tulikaa kwenye ngazi tukanywa chai pamoja.

Aprili 24

Niandike kabla sijalala juu ya meza.

Saa tano asubuhi ukuta ulifunguka. Haukuanguka, kipande cha plasta kilidondoka kama ganda la yai, na maji yakaingia kwa utulivu, ya kahawia, kama mtu anayejua njia. Mtunza stoo alipiga kelele mara moja tu: "Binti!" Nilipofika, rafu ya chini ilikuwa imeshalowa.

Mama alikuwepo. Alikuwa amekuja kuniletea koti la mvua nililolisahau, na alisimama mlangoni akiona binti yake amezama hadi magotini na kukumbatia fremu kama mtoto mchanga. Hakuuliza. Alivua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaingia.

Nilikuwa nasimamisha picha iliyolowa iegemee ukuta wa ngazi. Akanipiga kofi mkononi.

"Usiisimamishe! Maji yote yatashukia kwenye upindo, rangi itavimba. Ilaze. Uso juu. Karatasi chini, usiipanguse, acha ivute yenyewe."

Niliyasoma hayo kwenye kitabu kizito, sura ya tisa. Yeye aliyajua kwa mapazia ya watu. Sijawahi kujisikia msomi mdogo namna ile.

Zilizolowa tulizilaza kwenye meza za ukumbi wa chakula wa wafanyakazi. Lakini zile kavu, karibu mia na tisini, zilihitaji mahali, na maji yalikuwa yanapanda. Nilikimbia ofisi kwa ofisi. Ofisi ya leseni: hapana. Ofisi ya maji: hapana, na wakanitazama nilivyolowa wakatabasamu. Ofisi ya vizazi na vifo: "Dada, hizo ni mali ya Jumba la Sanaa. Jumba lenyewe halijazaliwa. Kitu kikipotea nitamjibu nani?" Katibu wa halmashauri aliniambia niandike waraka.

Nilirudi chini nikalia mbele ya mtunza stoo. Naona aibu kuandika, lakini nililia kwa sauti. Yeye alikuwa ameinua daftari lake juu ya kichwa lisilowe.

"Nani amekwambia ni mali ya Jumba?" alisema. "Hizi ni samani."

"Si wakati wa—"

"Sikiliza, binti. Ofisi yoyote ya halmashauri inaruhusiwa kuazima samani stoo. Fomu namba kumi na mbili. Mkuu wa ofisi anasaini, mimi nagonga muhuri, inakwenda. Viti vinakwenda hivyo kila siku. Wewe ulikuwa unawaomba wahifadhi sanaa. Nani anataka kuhifadhi sanaa? Waulize kama wanataka kitu cha ukutani."

Tulipanda wote watatu, yeye na muhuri wake na rundo la fomu mbele, mimi na Mama nyuma tumebeba. Ofisi ya leseni ilichukua kumi na mbili. Karani wa ofisi ya maji, yule aliyetabasamu, alizikagua kama anachagua shati la sikukuu. "Hii ina huzuni. Hii je? Hapana, huyu bwana ananitazama vibaya. Nipe ile ya mbuzi." Vizazi na vifo walichukua ishirini na tatu kwa sababu wana korido ndefu. Zahanati ya halmashauri, mahakama ndogo, dawati la malalamiko. Kufikia saa kumi na nusu stoo ilikuwa na maji na viti tu.

Tisa zimeharibika. Nimezitazama moja moja. Rangi imeachana na kitambaa kama ngozi iliyoungua. 3347 ni nzima. Iko ofisi ya vizazi na vifo, juu ya benchi la kusubiri.

Kila fomu inasema siku thelathini.

Aprili 25

Kikao cha Kamati kimeahirishwa kwa sababu ya mafuriko. Jumba bado liko bwawani.

Aprili 30

Nilimuuliza mtunza stoo kwa nini picha ziliandikwa samani. Nilimuuliza kwa adabu, nikianza na shikamoo.

Alizima redio. Alisema alipoanza kazi picha zilikuwa zaidi ya mia tatu na hazikuwa kwenye daftari lolote, kwa sababu daftari halikuwa na safu ya picha. Kila mkuu aliyestaafu aliondoka na moja ya kumbukumbu. Kila mgeni wa heshima, moja ya zawadi. "Ukiuliza, wanakwambia: iliandikwa wapi?" Basi Jumapili moja alinunua kopo la rangi kwa fedha yake, akaziandika zote kwenye safu ya samani, na akaweka namba usoni. Nyuma ya picha mtu hubandua karatasi. Usoni, ataitundika vipi sebuleni kwake ina namba ya stoo?

"Baada ya hapo ilipotea hata moja?" nilimuuliza.

Akanitazama kama nimemtukana.

Mei 7

Nimepita vizazi na vifo. Mwanga wa dirisha unaipiga 3347 saa mbili nzima kila asubuhi; ni dhambi. Nilikuwa nahamisha pazia nilipowasikia wanawake wawili kwenye benchi.

"Huyu hawahi. Mvua itamkuta."

"Atawahi. Angalia mkono wa kushoto, umeshashika lile shuka."

"Shuka atawahi. Zile za mtoto je?"

Nimekaa na picha hii kwa miezi. Sikuwahi kuziona nguo za mtoto.

Mei 9

Mvua. Kamati haikutimiza akidi.

Mei 16

Bwana Kimsingi anapita ofisi kwa ofisi na mpiga picha. Amesimama mbele ya mbuzi, ametabasamu. Anafurahi kupita kiasi. Sipendi.

Mei 22

Nilijua.

"Kimsingi," alisema leo, "binti yetu ametatua tatizo lililotushinda miaka kumi na mmoja." Picha zina makazi. Wananchi wanaziona bure. Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwa Baraza ijivunje, mradi ufungwe, na wafadhili waandikiwe barua ya shukrani.

Nilisimama. Nilisema ziko kwenye korido zenye jua na moshi wa chai, kwamba watoto wanazigusa, kwamba baada ya miaka mitano hakutakuwa na cha kukitafutia makazi. Nilisema zimebaki siku tisa na kiwanda cha barafu kipo palepale, hati ni karatasi moja. Sauti yangu ilipanda, nikaisikia ikipanda, nikashindwa kuishusha. Madiwani wale wawili, wa huku na wa kule, kwa mara ya kwanza walikubaliana: niketi.

Mhandisi peke yake alipiga kura ya hapana.

Baraza linakaa tarehe 29 kuidhinisha. Mimi mwenyewe nimewapa sababu. Nilizibeba kwa mikono yangu.

Mei 23

Sikwenda kazini. Mchana Mama akanipa suruali ya mtu nifumue mshono. "Fumua. Ukikasirika mikono ifanye kitu."

Mei 24

Nilimsimulia mtunza stoo kila kitu. Alinisikiliza, akachukua penseli sikioni, akahesabu tarehe kwenye kalenda.

"Leo siku thelathini zimekwisha," alisema.

"Tuzihuishe fomu?"

"Mkuu wa ofisi ndiye anayeomba kuhuisha. Nani ameomba?" Akafunga daftari. "Hakuna aliyeomba. Kesho kutwa naanza kukusanya."

"Stoo bado ina maji, Mzee."

"Stoo ikiwa haifai, samani hukaa kwenye chumba chochote kilicho chini ya mtunza stoo. Kanuni ya saba." Alitafuta ufunguo mmoja mkubwa kwenye shada lake. "Viti vya ukumbi wa Baraza, zulia, kipaza sauti, vyote viko chini yangu. Ukumbi ni wangu, binti. Wao huja kukaa tu."

Hakutabasamu. Mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania au anafuata kanuni. Nadhani kwake ni kitu kimoja.

Mei 28

Tumemaliza kukusanya. Karani wa ofisi ya maji amemng'ang'ania mbuzi hadi mlangoni. Vizazi na vifo wamebaki na misumari ukutani, na watu kwenye benchi wanaitazama misumari.

Mei 29

Madiwani wamefika saa tatu na hawakupata pa kukaa. Picha mia mbili na tano: juu ya kila kiti, kwenye ngazi za jukwaa, zimeegemea meza ya Meya, zote zimetazama mlangoni. Walibaki wamesimama wamebana mafaili kifuani. Wengine, kwa kukosa cha kufanya, walianza kuziangalia.

"Toa vitu hivi," akasema Bwana Kimsingi.

"Nitoe, Mheshimiwa," akasema mtunza stoo, na akampa fomu namba kumi na mbili. "Andika ziende wapi. Hapo, kwenye mstari wa 'Mahali.' Liwe jengo la halmashauri, lina paa, halina mtu."

"Zirudi ofisini zilikokuwa."

"Muda umekwisha na hawakuomba."

"Basi stoo!"

"Kuna maji."

Bwana Kimsingi akamgeukia mhandisi. Mhandisi alikuwa amesimama karibu na dirisha na buti zake. "Kwenye orodha yangu kuna jengo moja tu la namna hiyo," alisema. "Kiwanda cha barafu."

Diwani wa kata ya ng'ambo akafungua mdomo.

"Siku thelathini tu, Mheshimiwa," mtunza stoo akamwahi. "Ni samani."

Diwani akafunga mdomo. Bwana Kimsingi akaandika. Niliutazama ule wino kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama mchoro wowote. Muhuri ukagongwa. Halafu, baada ya sisi kuhamisha picha za kutosha wapate kukaa, Baraza likaivunja Kamati kwa kauli moja.

Mei 31

Mvua imekatika. Hati haikusainiwa, wafadhili wameandika kwamba wanasikitika na kwamba huenda miaka ijayo. Mradi haupo, kwa hiyo sijui mimi ni mratibu wa nini. Ghadhabu ninayo yote, hata robo haijapungua.

Picha ziko kiwandani. Mama ameshona mapazia ya kitambaa cheusi kwa madirisha yale machache, akalalamikia urefu wake mshono kwa mshono. Nimeweka kiganja ukutani kwa mazoea. Mkavu. Nimechapa nakala kumi na mbili za fomu, moja kwa kila mwezi, na mhandisi amekubali kuwa mkuu wa ofisi anayeomba.

Mchana mtunza stoo alikuja na daftari, brashi na kopo. Alizunguka jengo lote, akarudi mlangoni.

"Hili jengo nimelitafuta kwenye madaftari yote," alisema. "Halimo. Kiwanda kilipofungwa walilifuta. Halina namba." Akanitazama ili nielewe maana yake, na nilielewa: kisicho na namba, yeyote anaweza kukichukua.

"Majengo yana daftari lake," nilisema. "Hapa utaliandika kama nini?"

"Nina safu moja tu, binti."

Nikamshikia kopo. Alichora polepole, pembeni chini ya mlango mkubwa, mahali panapoonekana na kila mpita njia bila kukisogeza kitu. Rangi nyekundu ilinichuruzikia kidoleni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akauangalia mlango, akaniuliza kama namba imenyooka.

"Ya mwisho imelala kidogo," nilisema.

Akaifuta, nikamsogezea kopo, akaiandika upya.